Maji Yaliyovuliwa Nguo

Walimwita Mama Pacha, na jina halikubadilika hata baada ya pacha mmoja kurudishwa ndani ya sanduku. Angeitwaje? Jina la mtu si suruali, useme utalipunguza kiunoni.

Pacha wote wawili walipelekwa vitani, vita vya nchi ya watu, ambavyo hakuna mtaani aliyeweza kueleza vilianzaje. Baba yao alivumilia mpaka mazishi ya yule wa kwanza, kisha akahamia kwa mwanamke mwingine, akidai nyumba inanuka machozi. Mama Pacha akabaki na mgongo mbovu, na wifi yake, dada wa mume huyo huyo; cherehani zao zilikaa jirani kiwandani. Walishona suruali za jeshi.

Siku ile Bunge lilikuwa linaamua kama askari warudi nyumbani au wabaki. Msimamizi alitundika redio kwenye msumari, juu ya meza ya pasi. Mama Pacha alishona macho yakiwa kwenye sindano na masikio ukutani. Mshono ukapinda, akaufumua. Ukapinda tena.

"Wakirudi tutashona nini sisi?" wifi akauliza. "Mapazia ya nani?"

"Akirudi mwanangu nitashona hata magunia."

"Wewe una mmoja huko, wifi. Mimi nina wanne nyumbani, na wote wana meno."

"Basi shukuru. Meno yao unayaona."

Wanawake wa upande wa vifungo wakacheka, kisha wakanyamaza, maana redio ilianza kukohoa. Ikatoka sauti ya mheshimiwa mmoja, nzito, iliyoshiba. Damu nyingi imekwisha kumwagika, alisema, isipotee bure. Wahenga walinena, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kura zimepigwa, askari wanabaki.

Wapo waliopiga makofi. Msimamizi aliwashinda wote. "Kazi ipo, akina mama!"

Mama Pacha hakulia. Alikata uzi.

"Maji ukiyavulia nguo ukamwona mamba," alisema, kama anayezungumza na cherehani, "si unavaa unakwenda zako?"

"Wahenga hawakusema hivyo," msimamizi akajibu, akijaribu kucheka.

"Wahenga walivua nguo zao wenyewe. Huyo kasimama ukingoni na suti yake. Waliovuliwa ni wanangu. Mmoja mamba kashamla. Sasa wa pili naye aingie, ili wa kwanza asiwe kaliwa bure?"

Safari hii upande wa vifungo haukucheka. Mama Pacha akachukua mkasi wake, ule aliokuja nao tangu siku ya kwanza, akauviringisha kwenye kitambaa. Akafunika cherehani.

"Unakwenda wapi?" msimamizi akauliza. "Kesho linaingia agizo jipya."

"Kashone wewe. Mimi nimeshavisha wawili."

Wifi akamshika mkono, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi sauti yake haikuwa na kejeli. "Utakula nini, wewe?"

"Nitatia viraka barazani. Watu hawaachi kuchanika."

Alipofika mlangoni alisikia cherehani ya wifi imenyamaza. Akasimama kidogo, hakugeuka. Kisha ikaanza tena, polepole, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Hakumlaumu. Wanne, na wote wana meno.