Maharagi Yaliyolala Ndani ya Blanketi

Siye tuliochunga wagonjwa pale hopitali tulimuita Madeleine Mama Jua. Kila asubui, mbele ya kuwasha mbabula, jiko yake ya makaa, kiwanjani, aliinua shingo akapima joto kwa ngozi yake. Nilimucheka, nikasema huyu mama anangoja mbingu imupe salamu! Kumbe ndiyo kazi yake. Kule barabara ya Lumumba anauzisha wali na maharagi, na kwa kutupa sufuria nyingi zilizochacha amejua hewa gani itaharibisha chakula mapema.

Bwana yake, Liévin, walikuwa wamemupasua tumbo. Alilala pembeni ya baba yangu, mifupa mitupu. Dokta alimuruhusu kula tena, lakini alisema wazi kwamba chakula kibaya kitamumaliza. Basi siku ya jua kali Madeleine alipika kidogo kidogo, bwana akala ingali moto, na kilichobaki tukapewa siye. Siku ya mvua na baridi ndipo alithubutu kuweka kidogo.

Hilo lilimukera Joséphine, dada ya Liévin. Kwake, chakula ya mugonjwa ni sufuria kubwa, imejaa, imefunikwa vizuri, watu waone kwamba mutu huyu ana jamaa. Aliniambia, bila kushusha sauti, kwamba wifi yake ana mukono mugumu. Ulimi ya yule mama, jamani!

Siku moja akaja na sufuria imefungwa blanketi. Ndani, maharagi ya mawese, vile mama yao alikuwa anapika. Aliyatokotesha jana magaribi, kisha akayafunga yalainike usiku, makala ya jiko isiishe, vile wengi wetu tunafanya. Liévin aliposikia ni maharagi ya mama, machozi yakamutoka.

"Dada, nipe," akasema.

Lakini mbingu ilikuwa imefunga tangu jana, na joto ilinata kwenye shingo. Madeleine aliweka mukono chini ya blanketi. Sufuria ilikuwa vuguvugu, kama mugongo ya mutoto aliyelala. Nilimuona anaogopa. Kukataa mbele ya wagonjwa wote ni kumuhaibisha wifi, na kukubali ni kumupoteza bwana.

Alimushika Joséphine mukono, wakatoka inje na ile sufuria. Nikafuata, maana umbeya ni ugonjwa yangu. Akamueleza polepole: mikrobi, vile vijidudu vya kuharibisha chakula, haipendi moto mukali, haipendi baridi, inapenda hii vuguvugu ya katikati. Hewa ya jana na blanketi vimeitandikia kitanda, imezaa usiku muzima, na hata ukirudisha kwa moto, sumu yake inaweza kubaki. Kisha akafunua. Povu ndogo ndogo zilikuwa zinapanda pembeni. Joséphine akakaa chini, akalia. Alitaka tu kaka yake ale kitu cha mama.

"Atakula," Madeleine akasema. "Kesho kuja na maharagi mabichi, wifi. Utapikia hapa kwa mbabula yangu. Mimi nitapepea."

Kesho yake mumoja alipika, mwengine akapepea. Liévin alikula moto moto, mawese mpaka kwenye kidevu, na mimi nililia, sifichi. Nusu sufuria ilibaki. Joséphine akashika mufuniko, akasita, akatoka mpaka kiwanjani akainua shingo.

"Wifi," akauliza, "leo hewa iko namna gani?"

Madeleine akacheka. "Leo iko ya kugawa."

Tukaleta sahani zetu.