Nakala Tatu za Monita ya Kaka

Mafundi wenzake walimwita Bi Hakiki. Jina hilo hakulipenda hata kidogo, ingawa alilistahili. Kila monita iliyoletwa kuflashiwa, yaani kuwekewa upya programu yake ya ndani, aliisoma kwanza chipu inayohifadhi programu hiyo mara mbili na kulinganisha nakala. Zisipofanana, haandiki kitu. Kaka yake ndiye aliyemfundisha kazi na sharti hilo, na sasa kaka alikuwa na miezi miwili kaburini.

Asubuhi moja wifi yake, mjane wa kaka, aliingia amekumbatia monita ya marehemu.

"Inawaka yenyewe, wifi, hata nikichomoa waya wa kompyuta. Inaandika 'Nipo'. Watoto wamekimbilia kwa bibi yao, hawataki kurudi. Nifutie hicho kitu, nakuomba."

"Utani wa kaka huo. Si unajua alivyokuwa anachezea mambo ya humo ndani?"

Alicheka, lakini mwili ulimsisimka.

Alifungua mgongo wa monita, akabana kibanio kwenye chipu, akaiamuru ile programu huria aliyoizoea kwenye kompyuta yake isome na kuhifadhi nakala. Nakala ya kwanza ilikuwa na neno "Nipo". Ya pili ikasema "Nipo hapa". Kibanio kimelegea, alijiambia, akakikaza mpaka kucha ikamuuma. Akasoma tena.

"Nipo hapa, dada."

Aligeuza kompyuta yake upande ili wifi asione.

"Kuna nini?"

"Hakuna. Kibanio tu kinanisumbua."

Uongo mtupu. Moyo ulimtaka aache kila kitu, abaki na kaka hata kwa maneno hayo matatu. Lakini wifi alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, macho mekundu, kiatu cha mwanawe mdogo kikichungulia kwenye mkoba. Angemwambia nini mama huyu? Nakala ninazo, alijifariji, watoto warudi kwao. Akavunja sharti, akaandika programu mpya juu ya ile ya zamani.

Monita ikawaka kama monita nyingine yoyote. Wifi alilia kwa furaha, akaondoka nayo.

Bi Hakiki alifunga mlango, akazifungua nakala zake tatu. Alitafuta yale maneno, hakuyaona. Akaiamuru programu izilinganishe, na jibu likaja papo hapo: zote zinafanana.

"Kaka?" aliita kwa sauti, mchana kweupe, kisha akaita tena.