Mukwe Nyuma ya Kitenge

Siku yangu ya kwanza kazini, hospitalini Masisi, nilikuwa nimetoka tu sekondari, na haya nyingi. Titulaire, yaani mkubwa wa wauguzi, alinipa sondi, kile kichwa cha ekografi, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, kinachopitishwa juu ya ngozi. “Dada, haya iache inje. Hapa angalia picha kwenye ekrani.” Niliiacha. Miaka ikapita, nikapelekwa Walikale, nikawa ndiye ninayefundisha wengine.

Wakati wa vita, barabara ya Goma ikiwa imefungwa na niliowafundisha wamekimbia, akaletwa mufugaji wa milima ya Masisi mwenye kidonda kwenye uume. Alikuwa amekificha muda mrefu. Kansa ya pale ni ya nadra. Sikuwa nimeipiga picha hata moja. Na mufugaji huyo alikuwa ameoa binti yangu.

Kwetu, mama mukwe haoni uchi wa mukwe wake. Mukwe alikataa kabisa nisimpime: “Afadhali nikufe na heshima yangu.”

Dokta mukubwa hakujua kusoma ekografi. “Bila picha nitakata yote,” aliniambia. “Sijui imefika wapi.” Binti yangu alikuwa inje, mutoto mugongoni.

Nikafunga kitenge katikati ya chumba: mimi na ekrani huku, mukwe kule, na Dokta kando yake ameshika sondi.

“Dokta, shuka kidogo. Usikandamize.”

“Mama mukwe, ndiyo wewe unaongea?” mukwe akauliza.

“Hapana, ni mashine.”

Mukwe akacheka, picha ikatikisika. “Nyamaza basi!” nikamwambia.

Utando unaofunika nyama za ndani ulionekana kama mstari mweupe, haujakatika popote. Tukahamia mitoki, tezi za kinena ambako kansa hii hukimbilia kwanza. Tezi nzima iko kama punje ya haragi, ndefu, na weupe katikati. Iliyoliwa na kansa huwa mviringo, nyeusi. Nilipitia pande zote, nikarudia: zote nzima.

“Dokta, haijaingia. Kata ncha tu.”

Mukwe akapaza sauti nyuma ya kitenge: “Dokta, umesikia? Mama amesema ncha!”

Alipona. Kila alipoitwa kupimwa tena, tulifunga kitenge, na mitoki ilibaki mizima.

Siku ya kuniaga kazini alikuja, akaketi mbali nami kama inavyompasa mukwe, akasema mbele ya wanaume wote: “Huyu mama anajua ndani yangu kuliko bibi yangu, binti yake mwenyewe, na hajaniona hata siku moja!” Watu wakacheka mpaka machozi.

Kesho yake wanaume wawili walibisha hodi kwangu, wakiangalia chini: nao walikuwa na vidonda walivyoficha. Nilikuwa nimeshastaafu. Nilichukua kitenge, nikawapeleka mwenyewe hospitali.