Umri wa Ata Kwenye Ramani

Miaka ile bado nilikuwa na miguu ya kutembea. Ofisi yetu ya Lodwar ilitaka ramani ya kuonyesha, mtaa kwa mtaa, watu wanapata kiasi gani, wana umri gani, na ni nani wanaopokea msaada wa serikali. Nikapelekwa Kakuma kuzunguka nyumba kwa nyumba na tableti.

Upande wa wenyeji nilimkuta bibi mmoja akisuka kikapu, na binti yake akifunga gunia la makaa la kupeleka kwenye kambi ya wakimbizi. Nilimwita ata, kama sisi Waturkana tunavyowaita nyanya zetu. Nilipouliza kipato, binti alicheka. Makaa yake aliyabadilisha kwa unga wa mama mmoja wa Sudan Kusini, sasa hapo ningeandika nini? Tukakadiria.

Tulikwama kwenye umri. Kitambulisho cha ata kilisema ana miaka sitini na moja. Cha binti kilisema hamsini na sita. Nikamuuliza ata kama alizaa akiwa na miaka mitano.

"Mwanangu, mimi sikuhesabiwa na mama yangu," akasema. "Nilihesabiwa na karani. Aliniona nimebeba kuni, bado nina nguvu, akaandika alichoona."

Msaada wa wazee ulianzia miaka sabini. Wanawake wa rika lake walikuwa wakipokea, yeye akirudishwa kila alipokwenda. Nikampigia simu msimamizi wangu. Aliniambia kwa upole niandike kilicho kwenye kitambulisho, nisonge mbele. Niliandika.

Ramani ilipobandikwa ukutani, mtaa ule ulikuwa na rangi hafifu, maana yake wazee ni wachache. Wenzangu waliisifu. Mimi niliona haya, kwa sababu mzee mmoja nilikuwa nimemwondoa kwa kidole changu mwenyewe.

Nikaomba likizo, nikarudi Kakuma. Binti alikuwa na kadi ya ubatizo, kuukuu, iliyoonyesha mwaka aliozaliwa yeye, ushahidi kwamba miaka yake hamsini na sita ni ya kweli na ya mama yake si kweli. Chifu akatuandikia barua, nami nikapanda basi na ata hadi Lodwar. Afisa wa vitambulisho hakuwepo. Siku moja ya kungoja ikawa wiki nzima, na ata akakaa kwangu.

Wiki ile ndiyo ninayoitamani hadi leo. Asubuhi tulikwenda ofisini, tukaambiwa turudi kesho. Mchana alijaribu kunifundisha kusuka, akifumua kazi yangu na kuianza upya. Alinisimulia alivyokuwa msichana kule Nakalale, akichimba visima mchangani mwa laga, mto uliokauka, na kuwaimbia ngamia wa baba yake wakinywa, kila mmoja na wimbo wake. Aliniimbia nyimbo hizo. Mbili nimezisahau, na inaniuma.

Afisa aliporudi, aliviweka pamoja kitambulisho cha ata, cha binti tulichokuja nacho, na ile kadi, akavilinganisha, akasaini ombi letu.

Kitambulisho kipya kilichukua miezi. Ata alipopokea msaada mara ya kwanza, binti alinipigia simu, nikaenda kuwasalimu.

"Ejok," ata akanisalimu kwa Kiturkana bila kuinuka, kisha akanisogezea kigoda. Alikuwa amenunua mbuzi mwenye maziwa. Hatukuzungumza habari za ofisi hata kidogo.

Alifariki baada ya misimu miwili ya mvua. Mimi sasa nachora ramani nikiwa nimeketi. Vijana wakirudi kutoka Kakuma na tableti zao, kwanza nawauliza walikaa wakanywa chai kwa nani, ndipo nitazame walichoandika.