Mwanya Alioziba Bwana Wazir

Ukipita Mkomani, mtaa wa Lamu, au Amu kama wenyewe waiitavyo, ukauliza nani aliyepiga lipu nyumba hii na ile, utaambiwa Bwana Wazir. Miaka arobaini kwa mwiko, na hakuna ukuta aliouacha na ufa. Ndiyo sababu, alipoandikwa kazi kwenye daraja la reli linalojengwa bara, akakuta mwanya wa vidole vinne kati ya sakafu ya daraja na ukuta wa mwanzo wake, alicheka. "Hawa watu hawamalizi kazi!" Jumapili alasiri akakoroga saruji, akauziba, akaulainisha hata huoni palipoungwa. Hakumuuliza mtu.

Jumatatu asubuhi Wazir alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Mhandisi Nerea alikuwa amesimama mbele ya mafundi, amefura.

"Jua likipanda, daraja hili hurefuka. Ule mwanya tuliuacha lipate pa kwenda. Sasa likisukuma litapasua ukuta, reli ipinde, na treni ya mwendo wa kasi haisimami kwa kupigiwa kelele! Nani aliziba?"

Akamgeukia Patroba, msimamizi wa zege. "Ni watu wako. Fungasheni mwende."

"Madam, naapa si sisi!"

Wazir akatoka kando, akalizunguka pipa la maji, akarudi, akalizunguka tena. Akisema, Amu nzima itajua kabla ya adhuhuri kuwa fundi wao karibu avunje daraja. Akinyamaza, Patroba ndiye huyo anakunja ovaroli yake. Kofia akaivua, akaivaa. Jua nalo lishaanza kuchoma mabega.

"Bi Nerea," akasema hatimaye, "muwate Patroba, usimfukuze. Ni mimi."

"Wewe, Mzee Wazir?"

"Mimi. Nilidhani mumesahau."

Patroba akashusha pumzi. "Na vile ulilainisha, mzee! Nimeutafuta huo mwanya nikadhani nimekosea daraja."

Hakuna aliyecheka. Nerea akafungua daftari la ripoti. "Nitaandika tu, fundi mmoja wa lipu."

"Fundi mmoja nani?" Wazir akang'aka. "Andika Wazir Husseini Bakari, wa Mkomani. Mafundi wa lipu Amu ni wengi, usije ukawatia doa wasiohusika."

Akachukua patasi na nyundo, akalala kifudifudi juu ya zege lililoanza kupata moto, akabomoa. Na saruji ile, kwa uzuri alivyoikoroga, ikawa haitoki ila punje kwa punje.