Mnazi wa Mama Somoe

Juzi nikiwa Lindi kwenye kibarua cha kupakia nazi, mwenzangu alipasua moja iliyochipua akanipa joya, lile bonge laini kama sifongo linalokua ndani. Utamu wake niliujua, na aibu yake pia. Ulinirudisha utotoni, Mjimwema ya Songea, uani kwa jirani yetu Mama Somoe, aliyeolewa huko akitokea pwani.

Alikuwa na mche mmoja wa mnazi. Msimu wa baridi aliufunika kwa khanga kila jioni, kama anayefunika mtoto. Mimi niliamini ndani ya nazi kuna mtu mdogo anayesukuma majani. Alasiri moja, ua ukinuka moshi wa majani makavu, niliufukua mche, nikaipasua kwa panga la baba nazi uliyochipukia. Mtu sikumkuta. Nikala joya lote, kisha nikaufukia mche palepale, nikidhani majani yanatosha kuuweka hai.

Yaliponyauka, Mama Somoe aliyapapasa kwa vidole.

"Baridi ya kwenu hii haina huruma, mwanangu."

Siku hizi najua mnazi ule usingezaa Songea hata ungetunzwa vipi. Lakini siku ile nilimshikia ndoo akiumwagilia, nikamjibu, "Ndiyo mama, ni baridi."