Chipsi Kwenye Sahani ya Mama

Chipsi sasa zimefika mpaka Fukayosi. Wiki ya mwisho ya Ramadhani hii nilikwenda kule kuchimba mihogo kwenye shamba la mama, nikakuta kabati la kioo pale wanaposhukia abiria, taa inawaka mchana kweupe, ndani rundo la chipsi na mapaja matatu ya kuku yaliyokauka. Wanawake waliokuwa wakiuza mihogo ya kuchoma mahali hapo hawapo tena. Mzee mmoja niliyeshuka naye akasema watu wa siku hizi wameharibika, nami nikamuunga mkono kwa sauti, bila haya.

Mimi nina watoto wawili, na ninafanya kazi kwenye duka la fotokopi karibu na stendi ya Bagamoyo. Mama anaishi nyumba ya tatu kutoka kwangu. Kabati la kwanza la chipsi lilipowekwa mbele ya duka letu, nilikuwa miongoni mwa wateja wa mwanzo. Natoka kazini saa kumi na moja, miguu inaniwaka, nanunua chipsi na kuku, nafika nyumbani watoto wananishangilia. Nani asiyependa kushangiliwa? Baada ya muda makabati yakawa manne, yakaifuata barabara hadi Mbegani, na watoto wangu wakaweza kukwambia kwa kunusa tu kuku huyu katoka kwenye kabati gani. Mihogo wakaanza kuiita chakula cha shida. Nilicheka waliposema hivyo, na kicheko kile nacho nakijutia.

Mwaka juzi Ramadhani ilipoingia, mama alianza kutuletea futari. Kila Jumamosi alikwenda Fukayosi mwenyewe, na swaumu yake, akarudi na kiroba cha mihogo. Aliipika kwa nazi na papa mkavu, akaifunika kwa kawa la ukili, akaileta kabla ya adhana ya magharibi. Sahani yake ni ya bati, nyeupe, ina ua jekundu katikati. Nimeilia tangu sijang'oa meno ya utoto.

Siku ya kwanza watoto waliisukuma kando, wakataka chipsi. Nilikuwa nimeshazinunua, zimo jikoni, kwa hiyo sitajitetea. Nilikula matonge mawili matatu, iliyobaki nikawamwagia bata uani. Najua ni israfu, tena katika mwezi mtukufu. Nilisimama nikiwatazama bata wanavyogombania papa, roho inanisuta, na kesho yake nikafanya vile vile.

Ila sahani ilibidi irudi. Kwetu sahani ya futari hairudishwi tupu, hata ikiwa ni ya mama yako mzazi. Unatia chochote, tende tatu au kipande cha tikiti. Mimi sikuwa nimepika kitu. Nikatia chipsi na paja la kuku, nikafunika kwa kawa lile lile, nikabeba na chupa ya soda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Watoto wamekula?"

"Wamemaliza yote. Wamesema bibi naye aonje chao."

Watoto hawakuwa wamesema lolote. Mama alifunua kawa, akatazama. Presha anayo miaka mingi, chumvi alishaipunguza mwenyewe, na vyakula vya mafuta mengi hakuwahi kuvipenda. Akavuta kigoda, akasema bismillahi, akala mpaka chipsi ya mwisho.

"Leo nimefuturishwa na wajukuu," alisema, uso umemchangamka.

Pale ndipo ningesema. Badala yake nilimfungulia soda.

Basi ikawa hivyo mwezi mzima. Kwa kuwa aliambiwa wamemaliza, mama akawa anaongeza kipimo. Kwa kuwa ameongeza, nikaona haya kurudisha chipsi chache. Bata wakanenepa. Kila jioni nilipita mbele ya nyumba mbili na ile sahani mkononi, nikiitikia salamu, na majirani wakanisifu kwa jinsi ninavyomtunza mama. Nilizipokea sifa hizo zote.

Wiki ya pili baada ya Idi mama alianza kulalamika kiu isiyokatika na ukungu machoni. Nikampeleka zahanati. Nesi, binti mwenye adabu zake, alimwamkia, akamtoboa kidole, akakitazama kipimo kwa muda. Sukari ilikuwa juu sana, na presha nayo imepanda. Akafungua daftari.

"Bibi, jioni huwa unakula nini?"

Nilikaa kwenye benchi moja na mama, bega kwa bega. Hakunitazama.

"Mihogo," alisema. "Mihogo ya nazi."

"Kila siku?"

"Kila siku, mwanangu. Ramadhani nzima."

"Na soda je, chipsi, vitu vya kukaanga?"

"Hivyo ni vya watoto."

Nesi akaandika. Akamwambia kwa upole kwamba mihogo na nazi aviache kabisa, na mama akasema amesikia. Mimi niliinama nikajifanya natafuta kadi ya kliniki kwenye mkoba, na kadi yenyewe ilikuwa mezani, mbele ya nesi.

Sijui kama alinionea haya au alitaka tu nisisemwe mbele ya watu. Kumuuliza nimeshindwa. Ninachojua ni kwamba alitii. Tangu siku ile anakula dona na mchicha wa kuchemsha, shamba la Fukayosi limeota majani, na Ramadhani iliyofuata hakuna sahani iliyotoka kwake. Watoto wangu hawakuuliza. Mimi ndiye niliyekuwa natazama mlango kila ikikaribia magharibi.

Ndiyo maana safari hii nilikwenda kuchimba mwenyewe. Nilisaka mihogo ndani ya majani hadi mikono ikatoka malengelenge, nikakuna nazi, nikapika na papa kama apikavyo yeye, nikapakua kwenye sahani ile ile ya ua jekundu, ambayo ilikuwa imebaki kwangu tangu futari ya mwisho ya mwaka juzi. Watoto niliwaacha sebuleni na chipsi zao.

"Shikamoo mama. Nimekupikia mihogo."

"Marahaba."

Alifunua kawa, mvuke wa nazi ukamfika usoni, akafumba macho kidogo. Kisha akafunika taratibu, akaisogeza sahani upande wangu.

"Nesi alinikataza," alisema. "Si ulikuwepo?"

Njiani kutoka Fukayosi nilikuwa nimepanga kumwambia yote.

"Nilikuwepo, mama."

Akaingia ndani, akatoka na tende tatu, akaziweka juu ya mihogo, akanifunikia. Nikaibeba sahani nikarudi nayo nyumbani.